Kurudisha, kulipa, kufidia, kukomboa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa Amu, yaani Lamu, na visiwa vya jirani: wavuvi wenye barua za serikali mkononi, wanafunzi wenye insha, kina mama wa vyama, makarani wa kamati za vijiji. Wengi huanza kwa kutaka neno jingine lenye maana sawa na "kufidia" au "kurudisha", kwa kuwa wamelitumia mara tatu katika ukurasa mmoja na linawachosha. Maneno yako, tena tele. Lakini hayabadilishani nafasi kama watu wanavyodhani, na katika barua ya madai neno moja laweza kukutoa na shamba au kukutoa na hundi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, jiulize mambo mawili: kile kilichopotea kimekuwaje, na ni nani anayetoa.

Kurudisha, kurejesha na kuregesha ni neno moja?

Kwa maana, ndiyo. "Regesha" ndiyo tunayoisikia majumbani hapa kwetu: "Niregeshee pesa zangu." Vitabuni na mahakamani utakuta "rejesha". "Rudisha" ni ya kila mtu na kila mahali. Andika "rejesha" kwenye barua rasmi, lakini usimkosoe nyanyako akisema "regesha", kwani hajakosea.

Maneno haya yote matatu yanabeba jambo moja: kitu kile kile kimerudi kwa mwenyewe. Ukiazima sufuria kubwa ya shughuli, shughuli ikiisha unairudisha. Ikipotea, huwezi kuirudisha tena. Hapo utailipa, kwa kununua nyingine au kutoa thamani yake. Pesa ndizo zinazovuka mpaka huu bila tabu, kwa sababu noti ya mia ni sawa na noti nyingine ya mia. Ndiyo maana "kurudisha pesa" na "kulipa pesa" vyote vyasemwa.

Basi kulipa na kufidia vina tofauti gani?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu lake watu wengi wa pwani wanalijua tangu utotoni bila kulitolea jina.

Fikiria mwezi wa Ramadhani. Aliyekula kwa sababu ya safari au ugonjwa wa kupita, mwezi ukiisha atalipa siku zake: siku kwa siku, funga kwa funga. Tunasema "nina siku nne za kulipa." Mzee asiyeweza kufunga tena, au mgonjwa ambaye hatarajiwi kupona, haambiwi alipe. Yeye hutoa fidia: kwa kila siku kibaba cha chakula kwa maskini. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu huku, kipimo ni kibaba kimoja. Fidia hiyo imetajwa katika Sura ya Baqara, aya ya 184.

Tazama mpangilio wake. Anayelipa anatoa kitu cha aina ile ile: alikosa kufunga, anafunga. Anayefidia anatoa kitu cha aina nyingine, kwa kuwa cha kwanza hakiwezekani tena. Chakula si funga, kinakaa tu mahali pa funga. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, likaja na maana hiyo ya kutoa kitu ili kiwe badala ya kingine, na halijaiacha mpaka leo.

Kutoka hapo mambo yote yananyooka. Deni hulipwa. Mkopo hulipwa. Mkono uliokatika, mzazi aliyeuawa, bahari iliyofukuliwa, hayo hufidiwa. Mtu akiandika "serikali ilipe bahari yetu" ataeleweka, ila sentensi inachechemea, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na deni la bahari.

Kesi ya wavuvi dhidi ya bandari: kwa nini kila mtu alisema "fidia" na si "kurejesha"?

Kwa sababu kilichoondoka hakikuweza kurudi. Ujenzi wa bandari ya Lamu ulifukua kina cha bahari upande wa mkondo wa Manda, na wavuvi waliokuwa wakivua humo kwa vyombo vidogo wakapoteza maeneo yao. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021.

Hapa maneno yote mawili yanahitajika, kila moja kwa kazi yake. Uvuvi uliopotea *unafidiwa*. Lakini baada ya mahakama kutaja kiasi, kiasi hicho kimekuwa deni, na deni *hulipwa*. Kwa hiyo ni sahihi kusema "wavuvi wafidiwe kwa hasara yao" na pia "wavuvi walipwe fidia yao". Neno "kurejesha" lingefaa tu kama mkondo ungerudishwa ulivyokuwa, matumbawe yake na samaki wake. Nimesoma barua za watu waliochanganya haya, wakaomba "turejeshewe maeneo yetu ya uvuvi au shilingi kadhaa". Nawaheshimu kwa uchungu wao, lakini hayo ni madai mawili yaliyo mbali kabisa, na anayejibu barua atachagua lile lililo rahisi kwake.

Shamba langu lilichukuliwa. Niandike nafidiwa au narejeshewa?

Andika kile unachokitaka, na usiandike kingine kwa kuwa kinasikika vizuri.

Ukisema "nirejeshewe shamba", unataka udongo ule ule, mikorosho ile ile. Ukisema "nifidiwe", umekubali kwamba shamba limekwenda na unataka thamani yake. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 40, inadai kwamba mtu akinyang'anywa mali kwa manufaa ya umma apewe fidia ya haki, kamili, na bila kucheleweshwa. Hiyo ni fidia. Lakini kwa dhuluma za kihistoria za ardhi, Sheria ya Tume ya Taifa ya Ardhi ya 2012, katika kifungu chake cha 15 kama kilivyorekebishwa baadaye, inataja njia kadhaa: kurejeshewa ardhi, kufidiwa pale isipowezekana kurejeshwa, kupewa ardhi mahali pengine, na nyinginezo. Angalia mpangilio: kurejesha kwanza, fidia ni pale kurejesha kumeshindikana. Mtu wa Kililana au Witu anayeanza barua yake kwa "naomba fidia" ameshajitoa kwenye mlango wa kwanza kabla hajaugonga.

Kwa hiyo kama bado unalitaka shamba, andika hivi: "Naomba nirejeshewe shamba langu, ikishindikana, nifidiwe thamani yake kamili." Sentensi moja, madai mawili, na lililo muhimu kwako liko mbele.

Kukomboa kunaingia wapi?

Kukomboa ni kupata tena kitu chako kwa kutoa. Hapo ndipo linapoachana na yale mengine yote. Katika kufidia hasara, anayetoa kwa kawaida ni aliyeisababisha. Katika kukomboa, anayetoa ni mwenyewe aliyepungukiwa.

Mfano wa kila siku ni dhahabu. Mama ana bangili zake, mambo yakabana, akaziweka rahani kwa mtu akapata pesa. Bangili bado ni zake, ila haziko mkononi. Akipata pesa atakwenda kuzikomboa. Hatasema "nimerudishiwa bangili", kwa kuwa hakurudishiwa bure. Mfano wa pili ni wa forodhani: mzigo wako umefika kwa jahazi, umezuiliwa mpaka ulipe ushuru. Ukiulipa na kuutoa, umeugomboa. "Gomboa" na "komboa" ni ndugu, ila desturi imeipa "gomboa" mzigo wa bandarini.

Watu wa Nairobi na bara husema "nimekomboa nyumba" wakiwa na maana ya kupanga kwa kodi. Huku pwani tunasema "nimepanga" au "nimekodi", na Tanzania vivyo hivyo. Matumizi ya bara yana watu wengi na siyaiti makosa, lakini katika maandishi yatakayosomwa pande zote tumia "kupanga", usije ukadhaniwa ulikuwa umeweka nyumba yako rahani.

Kuna matumizi mazito zaidi. Mtumwa aliyeweza kununua uhuru wake alisemwa amejikomboa: alimpa mwingine pesa kwa nafsi ambayo haikuwa halali kuchukuliwa tangu mwanzo. Na mwaka 1907, sheria ya Mwingereza ilipoondoa hadhi ya utumwa katika pwani ya Kenya, fidia ilitolewa. Nani alifidiwa? Wenye watumwa. Waliofanyishwa kazi mashambani hawakufidiwa chochote. Ndiyo maana nasisitiza kuuliza nani anatoa na nani anapokea. Neno "fidia" peke yake halikwambii kama haki imetendeka. Linakwambia tu kwamba mtu amehesabiwa kuwa amepata hasara, na anayehesabu ana uwezo wa kumtazama mtu mwingine na asimwone.

Nyati amevunja shamba, au amejeruhi mtu. Nitumie "fidia" au "kifuta jasho"?

Kenya, tumia fidia. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 imeita hivyo, na imetaja viwango: shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mimea, mifugo na mali nyingine nayo imo.

"Kifuta jasho" na "kifuta machozi" ni maneno ya Tanzania, na huko ni maneno rasmi. Kifuta jasho ni cha mazao na mifugo. Kifuta machozi ni cha aliyeumizwa au kuuawa. Yamechaguliwa kwa makusudi. Anayekupa kifuta machozi anasema amekuonea huruma. Hasemi kwamba anafidia thamani ya kilichopotea. Basi mkulima wa Mpeketoni au Hindi, hapa Lamu, asilinakili neno hilo kutoka gazeti la Dar es Salaam na kulitia kwenye fomu yake. Atakuwa ameomba huruma mahali ambapo sheria imempa haki.

Katika biashara na uvuvi, tunasemaje pesa ikirudi?

Hapa lugha ya watu ni tajiri kuliko ya vitabu. Mfanyabiashara husema mtaji "umerudi". Pesa yenyewe ndiyo inayofanya kazi katika sentensi: imetoka, imerudi, haikurudi. Mvuvi aliyekwenda baharini akarudi na visamaki viwili atasema, "Leo hata pesa ya mafuta haikurudi." Huwezi kuiboresha sentensi hiyo. Ukiandika "gharama za mafuta hazikuweza kufidiwa" umeiua.

Wakati wa kusi bahari ni kali na wengi hawatoki; ndipo watu hukopa kwa tajiri mwenye chombo au mnunuzi wa samaki. Kaskazi ikiingia, maji yakitulia, wanalipa kwa samaki. Mvuvi huyo *analipa* deni. Msimu mzuri *unafidia* ule mbaya, kwa kuwa msimu mbaya wenyewe haurudi. Na samaki wakishauzwa, kabla ya kugawana, gharama za safari hutolewa kwanza: mafuta, barafu, chakula. Hapo neno ni "kutoa gharama" au "kurudisha gharama". "Kuziba pengo" pia ni zuri, hasa kwa mapato ya serikali au chama yaliyopungua, lakini limetumiwa mno na magazeti. Ukiliona linakujia lenyewe, lipe neno jingine nafasi.

Wakopeshaji wa Tanzania huita sehemu za mkopo zinazolipwa kila wiki au mwezi "marejesho". Neno hilo ni zuri na linaanza kusikika kwetu. Mimi ningelitumia bila wasiwasi.

Mdeni ni anayedai au anayedaiwa?

Anayedaiwa. Katika sala ya Wakristo, "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu", wadeni ni wale wanaodaiwa nasi. Hata hivyo wako wanaolitumia kinyume, kwa hiyo kwenye mkataba andika "mdai" na "mdaiwa" na hapatakuwa na ubishi.

Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno zuri ambalo naliona likififia: kuwia. "Namwia fulani shilingi elfu" maana yake napaswa kulipwa naye. "Nawiwa" maana yake nadaiwa. Mdai aliitwa mwia. Biblia ya Kiswahili bado inalo, pale Paulo anapowaandikia Warumi kwamba anawiwa. Ukiandika shairi au barua ya kumshukuru mwalimu wako, "nawiwa nawe" linasema zaidi ya "nina deni kwako". Lisipotumiwa na sisi, sijui nani atalitumia.

Kulipa fadhila na kulipiza kisasi: kwa nini kitenzi ni kimoja?

Kwa sababu vyote viwili ni kurudisha kwa kipimo. Umetendewa wema, unalipa wema. Umetendewa uovu, unalipiza. "Kisasi" nalo lilitoka Kiarabuni likiwa na maana ya adhabu iliyo sawa na kosa, si zaidi. Kiambishi cha "-iza" kimelisukuma kwenye ubaya: hatusemi "nimelipiza wema wako". Pesa ya damu, inayotolewa kwa jamaa za aliyeuawa ili kisasi kisifuatwe, ni dia. Nayo ni fidia ya aina yake, maana nafsi hairudi.

Je, muda unafidiwa? Na afya?

Muda ndiyo. Shule zilipofungwa Machi 2020 na nyingi kutofunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021, walimu walifidia masomo kwa kufupisha mihula. Hakuna aliyeirudisha miezi ile.

Afya haifidiwi na mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa *anapona*, *anapata nafuu*, *anapata ahueni*. Nguvu *zinamrudia*, fahamu *zinamrudia*, aliyezimia *anazinduka*. Usiseme mtu "amerejesha afya yake", hata kama umeliona kwenye tangazo la dawa.

Na kuna "kujirudi", ambalo wageni hulikosea. Aliyejirudi ametambua kosa lake akajirekebisha. Ni kutoka maana ya zamani ya "kurudi", ile ya kumrudi mtoto, yaani kumwonya na kumtia adabu.

Mikoko iliyokatwa: tunairejesha au tunaifidia?

Kaunti ya Lamu ina takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, kwa hiyo swali hili ni letu. Kina mama wanaopanda miche kwenye matope ya Mtangawanda wanaurejesha msitu wa mikoko. Msitu ni ule ule kwa mahali na kwa kazi yake, japo miti ni mipya. Unaweza pia kusema wanauhuisha. Kampuni inayokata upande mmoja na kulipia upanzi upande mwingine inafidia. Usikubali iandike "tumerejesha" katika ripoti yake kama pale ilipokata pamebaki peupe.

Majina ya vitenzi hivi ni yapi?

Kulipa: malipo. Kufidia: fidia, yaani kitenzi na jina sawa. Kukomboa: ukombozi. Kurejesha: urejeshaji kwa kitendo, marejesho kwa kinachotolewa. Mtego uko kwenye "marudio", ambalo ni kufanya jambo tena, na "marejeo", ambalo vitabuni ni orodha ya vilivyosomwa. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili lenye maana ya pesa iliyorudishwa.

Nimetuma pesa kwa nambari isiyo yake. Niseme nini?

Kwa M-Pesa, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, halafu maneno baadaye. Ukizungumza na mhudumu, sema "naomba nirudishiwe pesa nilizotuma kimakosa". Usiseme "nifidiwe": kampuni haikukutia hasara, na pesa bado ziko mahali.

Kosa gani linaonekana zaidi katika barua za madai?

Nani amefanya na nani amefanyiwa. "Nimefidia" maana yake umetoa wewe, "nimefidiwa" umepokea. "Nilipwe" ni upewe wewe. "Nilipiwe" ni mwingine atoe kwa niaba yako, kama karo au nauli. Herufi moja au mbili zinageuza barua nzima, na nimeona mzee akitia kidole gumba kwenye karatasi iliyosema "nimefidiwa kikamilifu" akidhani inasema anastahili kufidiwa. Mwambie anayekuandikia akusomee kitenzi kimoja kimoja, na kwenye kila kimoja umuulize: hapa anayetoa ni nani? Ikiwa karatasi ina "nimefidiwa" na pesa hujaziona, usitie kidole. Omba iandikwe "natakiwa kufidiwa", pamoja na kiasi na tarehe ya mwisho ya kulipwa.